Bundi mweupe wa mwanao, na nyumba za bundi wenzake

Swali la msomaji: "Mwanangu wa miaka tisa alimwona bundi mweupe akipita juu yetu usiku, na tangu siku hiyo hana wimbo mwingine. Anasisitiza kwamba ni bundi wa theluji kwa sababu alimwona hivyo kwenye picha, ingawa tunapoishi theluji haijawahi kuanguka. Je, bundi wako wa aina ngapi, wanaishi wapi, na mtu anaanzaje kuwajifunza bila kupotelea kwenye majina?"

Jibu

Ndugu, kwanza mpongeze mwanao. Macho yake hayakumdanganya: alichokiona kilikuwa cheupe na kilikuwa bundi. Kilichomponza ni ile picha, kwa sababu ilimwonyesha ndege bila kumwonyesha mahali ndege huyo anapoishi. Kwa bundi, mahali ni nusu ya kumtambua.

Mliyemwona, kwa karibu yakini yote, ni Tyto alba au ndugu yake wa karibu. Wengi humwita bundi wa ghalani, kwa kuwa hupenda kulala kwenye maghala, mapaa, minara na majengo yaliyoachwa. Tumbo lake na upande wa chini wa mabawa ni meupe, hivyo akipita juu ya vichwa vyenu usiku, mwanga wowote unaotoka chini humfanya ang'ae kama karatasi inayoelea hewani. Mngemwona mgongoni mngekuta rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijivu. Uso wake una umbo la moyo, macho yake ni meusi, miguu yake mirefu. Hatoi ile sauti nzito ya "huu-huu" ambayo watu huitarajia kwa bundi, bali mlio mrefu wa kukwaruza, kama mtu anayepasua kitambaa kizito. Kama mwanao aliusikia mlio wa namna hiyo usiku ule, basi hakuna la kubishania tena.

Bundi wa theluji, Bubo scandiacus, ni ndege mwingine kabisa. Hutaga kwenye tundra ya Aktiki, kaskazini mwa Kanada, Alaska, Greenland, Skandinavia na Urusi, mahali pasipo na mti hata mmoja. Ni mzito, jike likifikia kilo 2 na zaidi, macho yake ni ya njano, na miguu imefunikwa manyoya mpaka kwenye vidole. Anayeonekana mweupe pasipo doa mara nyingi ni dume aliyekomaa. Jike na vijana wana mabaka meusi. Tena huyu si ndege wa usiku kwa namna tuliyoizoea. Kiangazi cha kule jua halizami kwa wiki nyingi, kwa hiyo bundi anayengoja giza atakufa njaa yeye na makinda yake. Huwinda mchana kweupe, na chakula chake kikuu ni lemingi, panya wanene wa Aktiki ambao idadi yao hupanda na kushuka vibaya sana. Mwaka wa lemingi tele, jike hutaga mayai hata zaidi ya 8. Mwaka wa uhaba, huenda lisitage kabisa.

Miaka mingine bundi hawa huteremka kusini. Majira ya baridi ya 2013 hadi 2014 walitokea kwa wingi mashariki mwa Amerika Kaskazini, na mmoja akafika mpaka Florida. Wengi walidhani njaa ndiyo iliyowafukuza. Kumbe wengi wao walikuwa vijana wenye afya, waliozaliwa katika mwaka wa lemingi tele, nao walikuwa wakitafuta nafasi ya kuishi.

Bundi wa ghalani, kwa upande wake, haiwezi baridi kali. Mwili wake hauna akiba kubwa ya mafuta, na theluji nene ikifunika majani hawezi kuwafikia panya. Majira makali ya baridi huko Ulaya huwaua wengi. Weupe wa ndege hawa wawili umefanana tu, lakini mmoja akipelekwa kwa mwenzake hataishi.

Kuhusu idadi: wataalamu huhesabu spishi 250 hivi za bundi, na hesabu hiyo husogea kila baada ya miaka michache, kwa sababu uchunguzi wa vinasaba na wa milio huonyesha kwamba aliyedhaniwa mmoja kumbe ni wawili, au wawili kumbe ni mmoja. Hata bundi wenu wa ghalani, ambaye kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa spishi moja iliyoenea karibu dunia nzima, wataalamu wengi sasa humgawa: wa Ulaya na Afrika mbali, wa Amerika mbali, na wa kusini-mashariki mwa Asia na Australia mbali. Bundi wote wako katika familia mbili. Moja ni ya hao wenye uso wa moyo, spishi 20 hivi, ambao ukucha wa kidole chao cha kati una meno kama ya kitana. Ya pili ina wengine wote waliobaki, kuanzia anayeenea kiganjani hadi anayeweza kumbeba samaki mkubwa. Wako kila bara isipokuwa Antaktika.

Sasa nikujibu lile la kuanzia wapi. Orodha ya majina 250 itamchosha mtoto, na mtu mzima pia. Mimi ningeyaacha majina kando kwanza. Kila mnapokutana na bundi, awe hai au wa kwenye picha, ulizaneni: huyu anataga wapi?

Nasema hivyo kwa sababu bundi karibu wote hawajui kujenga. Kunguru hubeba vijiti, mbayuwayu hubeba udongo, mnana husuka majani. Bundi hafanyi lolote katika hayo. Anahitaji tundu lililotobolewa na mwingine, kiota kilichohamwa na mwingine, mwanya wa mwamba au wa paa, pango la mti uliozeeka, au ardhi tupu. Kwa hiyo kila aina ya bundi imefungamana na aina fulani ya makao ambayo haikuyajenga yenyewe. Mkijua makao hayo yanapatikana wapi duniani, mmekwisha kujua bundi huyo anaishi wapi, na hata kwa nini hayuko kwingine.

Mchukue bundi mwepesi kuliko wote, Micrathene whitneyi, bundi kibete wa majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na ya Meksiko. Uzito wake ni gramu 40 hivi. Jangwani humo miti ya kawaida ni michache, lakini kuna kaktasi ndefu ziitwazo saguaro. Kigong'ota hutoboa shina la saguaro ili atage humo. Mmea, ili usipoteze maji, hulizungushia jeraha hilo ukuta mgumu kama gome kavu. Kigong'ota akishahama, hubaki chumba kilichokauka vizuri, ambacho mchana ndani yake huwa na ubaridi kuliko nje. Hapo ndipo bundi kibete anapotaga. Hula wadudu na nge, na huwa anamng'oa nge mwiba kabla ya kumpeleka kwa makinda. Majira ya baridi yakifika na wadudu kupungua, huhamia kusini, ndani zaidi ya Meksiko. Ukiangalia vizuri, maisha yake yote yananing'inia kwenye mdomo wa ndege mwingine. Pasipo kigong'ota hapana tundu, na pasipo tundu hapana bundi kibete.

Sasa mrukie upande wa pili wa dunia na upande wa pili wa mizani. Bundi mzito kuliko wote yuko mashariki ya mbali ya Urusi na katika kisiwa cha Hokkaido, Japani. Jina lake ni bundi wa Blakiston, kutokana na Mwingereza Thomas Blakiston aliyempata ndege huyo Hakodate mwaka 1883. Jike laweza kufikia kilo 4 na zaidi. Hula samaki, na anaishi mahali ambapo mito huganda. Kwa hiyo huhitaji vitu viwili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana ni adimu: sehemu ya mto ambayo maji yake yanaenda kasi au yana chemchemi hata yasigande yote, na karibu na hapo mti mkubwa mno, wenye pango pana kiasi cha kumweka ndege wa ukubwa huo pamoja na yai lake au mawili. Mti kama huo haukui kwa miaka hamsini. Ukikatwa leo, jozi ya bundi imepoteza makao kwa muda unaozidi umri wao na wa watoto wao. Huko Hokkaido watu waliwatundikia masanduku makubwa ya kutagia, nao wakayakubali, na hilo limesaidia kuwaokoa. Dume na jike huimba kwa kupokezana, kwa mpangilio sahihi kiasi kwamba asiyejua hudhani anamsikia ndege mmoja.

Hadithi ya mti mzee ndiyo hiyohiyo kwa bundi madoadoa wa kaskazini-magharibi mwa Marekani, Strix occidentalis. Mwaka 1990 aliwekwa chini ya ulinzi wa sheria, na ugomvi kati ya wakata magogo na watetezi wa misitu ukawaka kwa miaka mingi.

Wasio na miti hutafuta ardhi. Ninayempenda kuliko wote ni bundi wa mashimoni, Athene cunicularia, anayeishi kwenye nyika na mbuga za wazi za mabara ya Amerika, kuanzia kusini mwa Kanada hadi Tierra del Fuego kwenye ncha ya kusini. Ni mdogo, ana miguu mirefu myembamba, na mchana utamkuta amesimama mlangoni kwake kama bawabu. Shimo analoishi kwa kawaida lilichimbwa na mnyama mwingine. Lakini huko Florida huchimba mwenyewe, na ndiyo maana nilisema "karibu wote" hawajui kujenga. Hukusanya mavi ya wanyama na kuyatandaza mlangoni. Watu walidhani anaficha harufu ya makinda. Mwaka 2004 watafiti walichapisha majibu ya majaribio yao: mavi yale huvuta mbawakawa wanaokula mavi, naye bundi anawala mbawakawa. Yaani ametega mtego wa chakula kwenye kizingiti cha nyumba yake. Makinda yake yakitishwa ndani ya shimo hutoa sauti ya kuchakarisha kama ya nyoka mwenye njuga mkiani, na mnyama mwenye akili hageuki mara mbili.

Kuna pia bundi wa majani marefu, Tyto capensis, wa kati na kusini mwa Afrika, ndugu kabisa wa huyo mliyemwona. Sura zinakaribiana, ila huyu mgongo wake ni mweusi zaidi na hataki paa wala ghala. Hutaga chini, ndani ya majani mazito, na hujipitishia vichochoro chini ya majani hayo. Nyika ikichomwa au kulishwa mpaka ikabaki upara, huondoka. Mnaona jinsi swali la makao linavyowatenganisha ndege wawili ambao kwenye picha mngewachanganya.

Kundi la tatu ni la wanaorithi viota. Bundi mkubwa wa kijivu wa misitu ya kaskazini, Strix nebulosa, hukaa kwenye kiota cha zamani cha mwewe au juu ya kisiki kilichovunjika. Ukimtazama utadhani ni mzito sana, maana urefu wake waweza kuvuka sentimita 80; lakini sehemu kubwa ya hapo ni manyoya, na uzito wake ni kilo 1 hivi. Barani Afrika, bundi mkubwa mwenye kope za waridi, anayeitwa kwa jina la Verreaux, huchukua viota vya tai na vya ndege wengine wakubwa. Zile kope zake huonekana hata kwa mbali, ukimkuta amesinzia mchana mtini. Naye bundi mwenye masikio marefu, Asio otus, hutumia viota vya kunguru na wenzao, na majira ya baridi hujikusanya. Katika mji wa Kikinda, kaskazini mwa Serbia, mamia yao hulala mchana kwenye miti ya uwanja wa katikati ya mji, huku watu wakipita chini na shughuli zao.

Hayo "masikio" nisiyapite. Vile vishungi vya manyoya juu ya kichwa cha baadhi ya bundi si masikio na havisikii chochote. Masikio halisi ni matundu mawili pembeni mwa kichwa, yaliyofichwa chini ya manyoya. Na kwa bundi wenu wa ghalani matundu hayo hayako sawa: la kushoto liko juu kidogo na limeelekea chini, la kulia liko chini na limeelekea juu. Sauti ya panya ikitokea chini, sikio moja huisikia kwa nguvu zaidi. Ikitokea kushoto, hufika sikio la kushoto mapema kidogo mno. Ubongo wake huunganisha tofauti hizo mbili na kupata mahali penyewe, juu-chini na kushoto-kulia kwa mara moja. Mtafiti Roger Payne alionyesha kwamba ndege huyu humkamata panya kwenye chumba chenye giza totoro. Kisha mwaka 1978 watafiti Eric Knudsen na Masakazu Konishi wakatangaza kwamba ndani ya ubongo wake kuna seli zilizopangwa kama ramani ya sauti: kila seli na upande wake wa kusikiliza. Uso wenyewe, lile umbo la moyo, ni sinia linalokusanya sauti na kuipeleka masikioni. Yule wa kijivu wa kaskazini ana sinia pana kuliko bundi wote, na humsikia panya anayetembea chini ya theluji, akajitupa juu yake bila kumwona.

Masikio hayo yasingefaa kitu kama mabawa yangepiga kelele. Ukingo wa mbele wa bawa la bundi una vijino kama vya kitana, uso wa bawa una vinyweleo laini kama mahameli, na ukingo wa nyuma una matamvua. Hewa hupita hapo bila mvumo. Ndiyo maana mwanao alimwona bundi, hakumsikia.

Lakini samaki aliye majini hasikii mabawa. Na tazama: bundi mvuvi wa Afrika, Scotopelia peli, anayeishi kando ya mito na mabwawa yenye miti mikubwa, kwa mfano kwenye delta ya Okavango huko Botswana, hana vile vijino, na mruko wake una sauti. Sinia la uso wake ni hafifu, kwa kuwa hawindi kwa masikio. Miguu haina manyoya, ili isilowe, na nyayo zimejaa vibanzi vikali vya kumshikia samaki mtelezi. Ninapomfundisha mtu kusoma mwili wa bundi huanza na huyu, kwa sababu kila alichopungukiwa kinaeleza anapoishi.

Rangi nayo husoma mahali. Huko Finland, bundi wa misituni Strix aluco wako wa kijivu na wa kahawia. Miaka ya theluji nyingi, wa kahawia walikuwa wakifa zaidi. Watafiti walionyesha mwaka 2011 kwamba kadiri majira ya baridi yanavyopungua makali, wa kahawia wanazidi kuongezeka. Rangi ya macho ni shahidi dhaifu zaidi: husemwa kwamba macho meusi ni ya usiku na ya njano ni ya mchana, lakini wanaoivunja kanuni hiyo ni wengi mno, na nisingependa mwanao aishike.

Nimesisitiza mahali mpaka sasa, na sababu yangu kubwa ni kisa kimoja cha India. Kuna bundi mdogo wa msituni, Athene blewitti, aliyeandikwa kitaalamu mwaka 1873. Vilivyojulikana katika makumbusho ya dunia nzima vilikuwa vielelezo 7 tu, yaani ndege waliokufa na kuhifadhiwa kwa ajili ya uchunguzi. Cha mwisho cha kweli kilichukuliwa mwaka 1884, baada ya hapo kimya. Lakini kielelezo kimoja kilikuwa na lebo inayosema kilipatikana mwaka 1914 huko Gujarat, na aliyekileta alikuwa Richard Meinertzhagen, mkusanyaji maarufu wa ndege. Watu wakaenda kumtafuta bundi huko lebo ilikowaelekeza, wasimpate, na wengi wakaamini ametoweka. Mtaalamu wa ndege Pamela Rasmussen alipochunguza kielelezo kile aligundua udanganyifu: Meinertzhagen alikiiba kutoka kwenye mkusanyiko wa makumbusho, akakitengeneza upya na kukibandika mahali na tarehe za uongo. Rasmussen na wenzake wakaitupa lebo ile, wakazifuata zile za kweli, na Novemba 1997 wakamkuta bundi yule hai huko Maharashtra, ametulia juu ya mti wazi asubuhi. Miaka 113 ilikuwa imepita. Jina lake halikuwahi kupotea, kilichopotea ni anwani. Kila ninapokisimulia kisa hiki naona uchungu, kwa sababu kwa miaka mingi msitu wake ungeweza kumalizwa huku watu wakimtafuta kwingine.

Wako bundi ambao anwani yao ni moja au mbili tu duniani. Bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, aligunduliwa mwaka 1965 katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, na baadaye akapatikana pia kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Hakuna kwingine. Ana uzito wa gramu 50 hivi, na wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, wote spishi moja. Kisiwa cha Pemba kina wake, Otus pembaensis, asiyeonekana popote nje ya kisiwa hicho. Na kisiwa cha Príncipe, katika Ghuba ya Guinea, kilitupatia spishi mpya mwaka 2022, Otus bikegila, aliyepewa jina la utani la mwenyeji mmoja aliyewaongoza watafiti kwa miaka mingi. Milio ya ajabu ya usiku ndiyo iliyoanza kuwatia watu shaka, muda mrefu kabla ya mtu kumshika ndege mwenyewe. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 15 hivi za msitu mkongwe. Mtu mzima mwenye miguu mizuri anaweza kuupita msitu huo kwa siku moja.

Sasa kazi yenu nyumbani. Anzeni na masikio. Kuna hazina ya milio ya ndege kwenye intaneti iitwayo xeno-canto, ya bure, ambako watu wa dunia nzima huweka sauti walizorekodi, kila moja na mahali pake. Tafuteni bundi wa eneo lenu, si wa dunia; sehemu nyingi haziwi na zaidi ya kumi hivi, na huo ni mzigo mwepesi. Sikilizeni mlio mmoja kwa wiki nzima kabla ya kuingia wa pili. Msiipige sauti hiyo nje usiku ili kumwita: ndege hudhani mpinzani amevamia, akaacha kuwinda au akaacha mayai.

Kisha tafuteni anapolala mchana. Chini ya mahali hapo huwa na michirizi myeupe ya kinyesi, na matonge ya kijivu au meusi ya ukubwa wa kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, halafu manyoya na mifupa asivyoweza kuvisaga huvitapika vikiwa vimeviringwa pamoja. Tumboni mwake hakuna ukali wa kuyeyusha mifupa kama kwa mwewe, kwa hiyo mafuvu hubaki yalivyo. Mkikuta kiota chenye mayai au makinda, rudini nyuma, wala msimulike tochi machoni mwa ndege. Kinda lililo chini ya mti mara nyingi halijatelekezwa. Wazazi wake wako karibu na watalilisha usiku. Na kama kuna anayetega sumu ya panya jirani na hapo, mwombeni aache, maana bundi humla panya aliyekula sumu, naye akafa.

Matonge yaacheni yakauke, vaeni glavu, yaloweshe kwenye maji ya uvuguvugu na uyachambue pole pole kwa kibano pamoja na mwanao, kisha mnawe mikono kwa sabuni. Tonge moja laweza kuwa na mabaki ya wanyama watatu au wanne. Fuvu lenye meno mawili marefu ya mbele yenye rangi ya chungwa, na nafasi tupu nyuma yake, ni la panya. Lenye mstari usiokatika wa meno madogo makali ni la kirukanjia. Lisilo na meno, lenye mdomo, ni la ndege mdogo. Mkipata fuvu zima liwekeni kwenye kisanduku, na kabla hamjalala andikeni kwenye karatasi mlipoliokota na tarehe ya siku hiyo.